Ndoo ya Pili

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi mbele ya wakulima wa stroberi, rasiberi na bluberi, katika ukumbi wa kanisa hapa Kasarani, Nairobi. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu walionaswa na mvua na foleni ya Thika Road. Picha za ukutani nimeziacha.

Wakulima wenzangu, hamjambo?

Hiyo "hatujambo" ni ya watu waliokunywa chai bila mkate. Hamjambo? Sasa nimesikia. Itifaki imezingatiwa, wazee wote wamekwisha kutajwa, na tukiwataja tena tutalala hapa.

Kabla sijasema lolote kuhusu wadudu, naomba macho yenu mezani. Nina glasi mbili. Kila moja ina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi ya jikoni, imekorogwa mpaka ikayeyuka. Glasi ya kulia natia rasiberi kumi. Ya kushoto, kumi. Zote nimezichuma mwenyewe alfajiri ya leo, shambani kwangu Tigoni, kabla sijapanda matatu. Ziangalieni: ngumu, nyekundu, zinang'aa. Zimebaki mbili mkononi, moja kutoka kila mkebe. Mama hapo mbele, chagua moja uonje. Tamu? Amesema tamu, mmemsikia. Sasa nabonyeza zilizo ndani ya glasi kwa mgongo wa kijiko, zipasuke kidogo bila kupondeka. Kijana mwenye saa, ni saa ngapi? Saa nne na dakika tano. Tupe dakika ishirini, na ukiona nimesahau unikumbushe. Mimi nikianza habari za wadudu husahau hata kula.

Haya. Tumekutana Kasarani, na wengine wenu mmepita kwenye lango la Duduville mkija. Ni jina la kuchekesha, Duduville, lakini ndipo makao makuu ya icipe, kituo kilichoanzishwa mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo. Kwa zaidi ya miaka hamsini watu wameamka asubuhi, wakapanda basi, wakaenda pale kumsoma dudu: anakula nini, anataga wapi, nani anamla yeye. Nasi tulio na mashamba, je? Tukimwona dudu tunauliza swali moja tu: dawa gani inamuua?

Na mimi nilikuwa hivyo. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Nianze na swali rahisi. Kuna mtu humu aliyewahi kumenya stroberi? Inua mkono. Hakuna. Ndizi tunamenya, parachichi tunamenya, embe tunamenya. Stroberi inaingia mdomoni na ngozi yake yote, pamoja na chochote kilichomwagwa juu yake. Hilo la kwanza. La pili, mche wa stroberi hauna adabu ya mahindi. Mahindi yana wakati wa kuchanua na wakati wa kuvuna. Stroberi ina ua, ina tunda bichi, ina tunda jekundu, vyote kwenye shina moja, siku moja. Unachuma leo, unachuma kesho kutwa. Sasa chukua chupa ya dawa iliyoandikwa "subiri siku 7 kabla ya kuvuna". Siku 7 ni michumo mitatu. Je, unaimwaga michumo mitatu, au unaipeleka sokoni City Park?

Mbona kimya? Naona wengine wanaangalia viatu.

Sikuwaita hapa niwasute. Mnunuzi mmoja, ambaye sitamtaja, aliwahi kunirudishia kreti zangu zote mchana mmoja kwa sababu walipima wakakuta mabaki ya dawa kupita kiwango. Nililalamika njia nzima mpaka nyumbani. Lakini nilijua. Nilipuliza Jumatatu, nikachuma Jumatano. Alikuwa na haki.

Kwa hiyo hoja yangu ya leo ni moja tu, na nitaizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia: katika shamba la beri, anayepambana na wadudu ni mchumaji kuliko mbeba pampu. Nimesema nani? Mchumaji. Mtaona kwa nini.

Ngoja kwanza niwape hadithi ya pampu.

Mwaka wangu wa pili wa kulima, mwezi wa Januari, jua kali, barabara ya vumbi inapita kando ya shamba. Niliona vidukari kwenye majani machanga. Wachache, wa kuhesabika. Leo ningewaacha, au ningewaponda kwa vidole, nikatafuta sisimizi wanaowalinda, kwa maana sisimizi humfuga kidukari kama sisi tunavyofuga ng'ombe, wanakamua ule umajimaji wake mtamu. Siku hizo sikuwa na subira hiyo. Nilikwenda agroveti nikasema, "Nipe kali." Nikapewa kali, ya kundi la pairethroidi. Vidukari wakafa siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza nikajiona daktari.

Wiki ya tatu majani yakaanza kuwa na vidoadoa vya manjano, kama mtu amenyunyiza unga wa mahindi. Kisha yakageuka rangi ya shaba. Nikapindua jani: chini kuna utando mwembamba, na ndani ya utando vitu vidogo vinatembea, kila kimoja kina madoa mawili meusi mgongoni. Utitiri. Huyo si mdudu hasa. Ana miguu minane, ni ukoo mmoja na buibui na kupe. Anapenda ukame, anapenda vumbi. Na anachopenda kuliko vyote ni mkulima anayepuliza pairethroidi, kwa sababu dawa ile inaua wanaomla yeye, yeye mwenyewe inamgusa kidogo tu. Nikapuliza tena. Na tena. Kila nikipuliza nazika askari wangu na kumwachia mwizi mlango wazi. Kufika Machi nilikuwa nimeng'oa vitanda vinne.

Aliyeniokoa anaitwa Phytoseiulus persimilis. Msiogope jina; wafanyakazi wa mashamba ya waridi humwita "pasimilisi" na anaitika. Naye ni utitiri, ila ni mla-utitiri. Rangi ya chungwa, umbo kama pea, miguu mirefu, mbio. Wazungu walimkuta Ujerumani mwaka 1958 kwenye maua ya okidi yaliyotoka Chile. Hakuna aliyemwalika, alidandia tu. Leo wanafugwa hata hapa kwetu, kule Naivasha, na unauziwa kwenye chupa, wamechanganywa na chengachenga. Unawanyunyizia juu ya majani jioni, jua likiwa limepoa. Hagusi mmea, hagusi tunda. Chakula chake ni utitiri, na utitiri wakiisha anakufa njaa au anahama.

Lakini sikilizeni vizuri, hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mwache aingie mapema, utitiri wakiwa wachache. Ukingoja mpaka jani liwe shaba, umemwita mtu mmoja aje amalize pilau ya harusi. Na kama ulipuliza ile "kali" juzi, usinunue. Utamtia kaburini kwa shilingi zako. Nunua lenzi ndogo ya kukuza mara 10, ifunge kamba shingoni. Kila Jumatatu pindua majani, ya chini kabisa.

Kuhusu thripsi sitakaa sana, kwa sababu wakulima wa maua wamewasema mpaka basi. Gonga ua juu ya karatasi nyeupe. Vikianguka vitu vyembamba kama vipande vya uzi vinavyokimbia, ndio hao. Kadi ya gundi ya buluu inawavuta, ya manjano inavuta inzi weupe na vidukari wenye mabawa. Palilia. Magugu yenye maua ni gesti yao. Tuendelee.

Kijana mmoja kutoka Kikuyu alinitumia picha mwaka jana. Stroberi zimepinda, upande mmoja umejaa, upande mwingine umesinyaa kama sikio lililoungua. "Mama, huyu ni mdudu gani?" Nikamuuliza, "Unapuliza saa ngapi?" Akajibu, "Saa nne asubuhi, baada ya chai." Saa nne asubuhi nyuki yuko wapi? Yuko ndani ya ua! Zile mbegu mnazoziona juu ya ngozi ya stroberi ni zaidi ya mia kwa tunda moja, na kila moja inataka chavua yake. Isiyopata, nyama iliyo chini yake haijai. Wako kunguni wa mimea wanaofyonza tunda likapinda vilevile, sikatai, na baridi wakati wa maua nayo huchangia. Lakini kijana yule alikuwa anaua nyuki, tunda linapinda, anadhani ni mdudu, anapuliza, anaua nyuki zaidi. Nilimwambia, "Mwanangu, mdudu umempata. Ana simu na anavaa gambuti."

Mnauliza kama alicheka? Alicheka, baada ya siku mbili.

Sasa tufike kwa mwenye glasi.

Kiswahili chetu kina tatizo hapa: tunasema "inzi wa matunda" na kumaanisha watu wawili tofauti. Yuko yule wa embe, mkubwa, wa rangi ya udongo na manjano, aliyetoka Asia akaonekana Kenya mwaka 2003, pwani. Huyo icipe wamepambana naye mpaka wakaleta nyigu mdogo kutoka Hawaii anayetaga ndani ya mayai yake. Na yuko huyu wetu, mdogo mno, milimita 2 au 3, macho mekundu. Ukimwona utasema ni wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana jikoni. Ni ndugu yao kweli. Tofauti iko mkiani. Wale wa jikoni hutaga kwenye tunda lililokwisha kupasuka au kuoza, hawana chombo cha kutoboa. Jike la huyu lina msumeno. Kifaa cha kutagia chenye meno, kama kisu cha mkate. Anakaa juu ya rasiberi inayoanza kuwa nyekundu, nzima, ngumu, anakata, anaingiza yai, anaondoka. Kwenye tundu zinabaki nyuzi mbili nyeupe nyembamba mno. Ni pua za yai, yai linapumulia huko. Jike moja hutaga zaidi ya mayai 300 maishani. Kukiwa na joto la wastani, siku 10 mpaka 14 yai limekuwa inzi.

Anaitwa Drosophila suzukii. Alielezwa na mtaalamu wa Kijapani, Matsumura, mwaka 1931. Kwao Asia Mashariki. Mwaka 2008 akaonekana Marekani huko California, na mwaka huohuo Uhispania na Italia, akaenea kama uvumi. Alisafirije? Ndani ya tunda, bila tikiti. Mwaka 2021 wanasayansi wakatangaza kwa maandishi kwamba yuko Kenya.

Jiulizeni: Ulaya kuna theluji ya kumpunguza. Limuru kuna nini cha kumpunguza? Hakuna. Joto letu la milimani ndilo analolitaka, na matunda tunayo mwezi kwa mwezi. Sisi tumemjengea hoteli.

Niwaambie nilivyomjua. Mwaka ule rasiberi zangu zilianza kulegea siku moja baada ya kuchumwa. Asubuhi nzuri, jioni supu. Mtu akaniambia ni inzi wa matunda. Nikaenda dukani, nikauziwa mitego mitatu ya manjano yenye dawa ya kuvutia. Nikaining'iniza. Wiki moja, tupu. Wiki mbili, tupu. Mwezi mzima, buibui mmoja. Nikafurahi! Nikamwambia mume wangu, "Hakuna inzi shambani kwetu." Huku rasiberi zinaendelea kuwa supu.

Mmekwisha kuelewa. Ile dawa ilikuwa ya kuvuta madume ya inzi wa embe. Huyu wetu hata hageuzi shingo. Mtego wake ni wa jikoni: chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa matundu kama kumi upande wa juu kwa msumari wa inchi 3 uliopashwa moto, tia siki ya tufaha mpaka robo, tone moja la sabuni ya vyombo ili wazame. Huna siki? Hamira, sukari na maji vuguvugu. Ning'iniza kwenye kivuli, katikati ya matawi, usawa wa matunda. Baada ya wiki chuja kwenye kitambaa cheupe, utafute dume: ana doa jeusi kwenye ncha ya kila bawa, kama amebeba vipande viwili vya makaa. Na nisieleweke vibaya, mtego huu ni wa kujua kama yupo. Haumalizi inzi.

Anayemmaliza, au kumpunguza, ni ndoo ya pili.

Zamani wachumaji wangu walikuwa na ndoo moja. Nawalipa kwa kilo. Mtu anayelipwa kwa kilo za tunda zuri atafanya nini akikuta lililolegea? Ataliacha. Au atalidondosha chini apate lililo nyuma. Ana kosa gani? Mimi ndiye niliyemwambia, kwa pesa, kwamba tunda bovu halina thamani. Na kila tunda lililobaki kwenye tawi ni wodi ya kujifungulia. Nilikuwa nachuma beri zangu na kumwachia inzi mbegu ya wiki ijayo.

Sasa kila mchumaji ana ndoo mbili. Ya kwanza ya soko. Ya pili, yenye kifuniko, ya yaliyolegea, yaliyopasuka, yaliyopigwa na ndege, na yaliyoanguka chini. Na ya pili naipima, nailipa bei ileile. Ileile! Mume wangu alisema nimerogwa. Mwezi wa kwanza ndoo za pili zilijaa kupita kiasi, nikashangaa, shamba langu si kubwa hivyo. Kumbe mama mmoja, mchumaji hodari, alikuwa anaruka ua mchana kwenda kuokota yaliyoanguka kwa jirani. Nilipaswa kukasirika. Nilikaa chini nikafikiri, nikamwambia aende na Jumanne pia.

Yakishachumwa yanaenda wapi? Hapa watu huharibu kazi yote. Wakiyamwaga kwenye mboji, funza humalizia kukua humo na kutoka wakiwa inzi. Kuyafukia juujuu nako hakusaidii. Vitabu vya ng'ambo vinasema uyafunge kwenye mfuko wa plastiki angavu uuache juani. Sisi mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, na sitaki mtu akamatwe kwa ajili yangu. Mimi natumia ndoo za rangi za lita 20, zile zenye kifuniko cha kubana. Zinakaa juani wiki nzima, matunda yanachacha, joto na ukosefu wa hewa vinafanya kazi. Ndipo yanaenda kwa nguruwe. Kuku wanaweza kupewa siku hiyohiyo, ila wamwagie kidogokidogo wamalize.

Chuma kila siku ya pili. Msimu wa joto, kila siku ukiweza. Ukichelewa siku tano kwa sababu kuna mazishi ushago, pole sana, lakini inzi hana msiba. Pogoa rasiberi upepo upite katikati, maana anapenda kivuli chenye unyevu. Baada ya kuchuma peleka kwenye baridi mapema. Kwenye nyuzi 1 hivi kwa siku 3, mayai na funza wengi hufa. Wenye bluberi, wavu wenye matundu chini ya milimita 1 unalipa, kwa kuwa maua yenu yana msimu wake na mnaweza kuufunga nyuki wakishamaliza. Wenye stroberi, wavu utawafungia nyuki nje, msikimbilie.

Na dawa? Sijasema msitumie kamwe. Nasema iwe imesajiliwa kwa zao hilo, siku zake za kusubiri ziwe chache, ipulizwe jioni nyuki wakiwa wamelala, na usirudie kundi lilelile. Namba ya kundi itafute kwenye lebo. California walitegemea dawa moja nzuri, spinosadi, mpaka baadhi ya inzi wa mashamba ya rasiberi wakaizoea. Inzi wa siku 10 hujifunza haraka kuliko sisi.

Kijana, saa? Saa nne na nusu! Mbona hukunikumbusha?

Njooni mbele, mistari miwili ya kwanza. Mama, shika tochi ya simu. Glasi ya kulia: mnaona vile viuzi vyeupe vinavyojinyonganyonga, vingine vimeelea, vingine vimeshuka chini? Ni funza, maji ya chumvi yamewatoa ndani ya tunda. Hesabu kwa sauti. Mmoja, wawili... saba. Saba kwenye rasiberi kumi mlizosema zinang'aa. Hizo nimezichuma kwenye mstari wa mwisho, unaopakana na mforosadi wa mzee jirani yangu. Mzee hataki kuukata. Anasema watoto wa kijiji kizima wamekua wakipaka midomo zambarau chini yake. Sijapata jibu la kumpa. Siku hizi nampelekea watoto na ndoo.

Glasi ya kushoto ni ya katikati ya shamba, ambako ndoo ya pili inapita kila siku ya pili. Hesabu. Mmoja. Angalia tena, zungusha glasi. Ndiyo, mmoja. Sikuahidi sufuri.

Na ni funza wa inzi gani hasa, glasi haiwezi kuwaambia. Nimeacha tunda jingine nyumbani kwenye chupa iliyofungwa kitambaa, nikisubiri atoke nimwone mabawa.

Maswali tutachukua na chai. Wewe mama uliyeonja, la kwanza nakuuliza mimi: ile rasiberi uliitoa mkono wangu wa kulia au wa kushoto?